Sisimizi wa Kilindini

Nilipomchukua mjukuu wangu kumvusha kisiwani Mombasa kwa mara ya kwanza, naye hajatimiza miaka miwili na lugha yake yote ni maneno yanayohesabika kwa vidole, nilikuwa nimekwisha kujipangia moyoni, kama apangavyo mwenyeji aliyefikiwa na mgeni wa heshima, yote nitakayomwonyesha: kwanza kivuko cha Likoni, kisha meli ziingiazo Kilindini, kisha Ngome waliyoianza Wareno mwaka 1593, na mwisho Bandari ya Kale na yale majahazi machache yaliyosalia. Nilidhani kwamba mji mkubwa huonyeshwa kwa vitu vyake vikubwa. Na dhana hiyo ilivunjwa kabla jua halijawa kali, tena na mtu ambaye hata hakujua kwamba ameivunja.

Tuliposhuka kivukoni tulishika njia ya Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe inayoutazama mlango wa bahari, mahali ambapo meli hupita karibu na nchi kavu hata mtu akaweza kuwaona mabaharia wakitembea juu yake. Siku hiyo ilikuwa ikiingia moja iliyopakiwa makontena tabaka juu ya tabaka, ndefu kuliko mtaa niliozaliwa, ikienda polepole na kwa adabu, kama mtu mnene apitaye baina ya safu za wenye kuswali. Nikampandisha mtoto begani, nikamwambia, "Tazama, baba, meli!" Akaitazama kwa muda wa kufumba na kufumbua, akasema, "Gari," kisha akanyoosha mikono kutaka ateremshwe. Kilichomwita kilikuwa chini, penye mzizi wa mbuyu: sisimizi saba au wanane waliokuwa wakilikokota bawa la panzi, wakilipandisha kwenye ufa wa gome, likiwaponyoka, wakishuka kulifuata, wakianza upya. "Dudu," akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo watu wazima huiweka kwa ajili ya msikitini. Akachuchumaa, na hapo akakaa mpaka meli ile ikapita yote, omo hata tezi, ikaikata njia ya vivuko na kuingia bandarini. Nilipomwinua tuondoke alikuja bila kulia, amekunja ngumi.

Je, huo ni ujinga, au ni namna ya maarifa ambayo sisi tumeipoteza? Plato na Aristotle, wanafalsafa wa Kiyunani, walisema kwamba falsafa huanza kwa mtu kustaajabu. Na aghlabu sisi wazee hupenda kudai kuwa mtoto ni mwanafalsafa, kwa vile kila kitu humshangaza. Walakini nilipomwangalia usoni sikuona mshangao. Mwenye kustaajabu ni yule aliye na ada, akaonyeshwa kinyume cha ada hiyo. Na mtoto huyu hajawa na ada ya chochote, hata meli kwake haikuwa kubwa wala sisimizi hakuwa mdogo, kwa sababu mizani ya kuwapimia bado hajapewa. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliufananisha moyo wa mtoto na johari safi isiyotiwa nakshi yoyote. Nami nadhani kwamba nakshi ya kwanza tunayoichonga juu ya johari hiyo ni ile ya daraja: hiki kitazame, kile kipite.

Sisemi kwamba mizani ni kitu kiovu. Mji wa bandari hauishi pasi na kupima, tangu zama za frasila za pembe mpaka leo tuhesabupo kwa tani na kontena. Na jina lenyewe la Kilindini ni kipimo, maana latokana na kilindi, maji ya kina, na ni kina hicho kilichoifanya bandari hiyo izipokee meli kubwa zisizoweza kutia nanga upande wa Mji wa Kale. Lakini kupima si kuona. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu, naye hakutuachia hesabu ya mali ya mji wala ya askari wake. Bali mtu huyo, aliyekwisha kuiona Misri na Sham na Makka, alikuja kutusimulia juu ya ndizi na samaki waliwao kisiwani, na juu ya visima vilivyokuwa milangoni pa misikiti, na chombo cha mti chenye kijiti cha kushikia, ambacho watu walichotea maji wakaosha miguu yao kabla ya kuingia. Karne karibu saba zimepita, na kijiti kile bado tunakiona.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa kilichofanya Sura nzima ya Kurani iitwe kwa jina la sisimizi. Nabii Suleiman, aliyetiishiwa majini na ndege, alipofika na majeshi yake kwenye bonde la sisimizi, alimsikia mmoja wao akiwaonya wenziwe waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake pasi na wao kutambua. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kuutukuza ule uwezo wa kufahamu lugha ya wadudu. Mimi, nikiwa nimesimama chini ya mbuyu, nilishikwa na lile neno la mwisho. Sisimizi hakumtuhumu nabii kwa dhuluma. Alichokihofia ni jambo linalompata hata mtu mwema, maadamu ana nguvu na ana haraka: kuua bila ya habari. Naye Suleiman, aliyesikia maneno hayo kutoka chini ya unyayo wake, akatabasamu, akamwomba Mola wake amjaalie kushukuru.

Ya Ngome sina mengi ya kueleza, kwani mgeni wangu aliipitia mizinga yote ili amfikie paka aliyelala chini ya mmoja wao; na mjini alichokisimamia zaidi ni muuza kahawa aliyekuwa akivigonganisha vikombe vyake. Jioni tukarudi kivukoni, saa ambayo lango likifunguliwa umati hutelemka kwa pamoja kama maji yaliyozibuliwa, wenye vikapu, wenye baiskeli, wanafunzi, hamali na mikokoteni yao. Katikati ya mteremko ule mtoto aliuponyoka mkono wangu, akachuchumaa, ameona kitu. Hamali mmoja aliyekuwa akiuzuia mkokoteni wake wa viazi kwa mgongo akanipigia kelele, "Mbebe mtoto, mzee wangu! Hapa hakuna anayetazama chini."

Nikambeba, na moyo ukinidunda nikafahamu kwamba yule aliyekuwa asubuhi amemwinamia sisimizi, jioni amekuwa sisimizi yeye mwenyewe, na majeshi yanapita. Jicho lake lisilojua kubwa wala dogo, ambalo nilikuwa nimekwisha kulisifu, lingalimwua papo hapo lisingalikuwapo langu lenye kujua. Maji haya hayana mzaha: mwezi wa Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama katika bandari hii hii, wakafa watu 272, nasi tunaitamka idadi hiyo kwa pumzi moja, ilhali kila mmoja ndani yake alikuwa na nyumba iliyomfunikia chakula kwa kawa. Nikaona basi kwamba mizani hatukupewa ili tuwapuuze wadogo, bali ili tujue ni nani wa kubebwa; na kwamba mkubwa asiyetazama chini ameipokea amana nusu, akaitupa nusu iliyo bora.

Hayo niliyawaza kwa kuridhika kidogo, kama awazavyo mzee aliyedhani amelipata fundisho la siku, mpaka kivuko kilipokaribia ng'ambo, na mtoto amelala begani pangu, ngumi yake ikalegea. Ndani ya kiganja, limekunjamana kwa jasho, mlikuwa na bawa la panzi.

Alikuwa amewanyang'anya. Alipokuwa akiwatazama kwa makini yale yote, kuliko nilivyowatazama mimi, alilichukua, wala hakutambua. Nikalitia katika mfuko wa kanzu yangu, kwa kuwa sikujua kwingine pa kuliweka, na lango liliposhushwa nikatelemka polepole, macho yangu chini, huku watu nyuma yangu wakiniambia, "Songa, mzee, songa."