Mkate wa Jana

Juzi nilitengeneza panzanella, saladi ya kiangazi ya Toscana: mkate mkavu uliolowekwa ukakamuliwa, nyanya mbivu, kitunguu, majani ya mrehani, siki, mafuta ya zeituni. Basi. Mkate mpya haufai, unageuka uji.

Wakulima walioianza hawakuwa wanatafuta ladha. Walikuwa wanakwepa kutupa chakula. Mimi je? Niseme ukweli: nilinunua mkate mzima nikauacha ukauke makusudi, ili nile kama maskini. Nilipoonja, tamu kweli, lakini nikaona haya. Unyenyekevu wa kununua dukani ni unyenyekevu gani?

Leo nimefungua kabati, nikakuta kipande kigumu kama jiwe. Hiki sikukipanga. Jamani, saladi ndiyo inaanzia hapa.