Nuru Inamwangukia Nani? Mandhari ya Haarlem Ikitazamwa kutoka Lopur

Katika uhakiki wetu, nuru imezoeleka kuwa ishara ya wema, na giza ishara ya huzuni au uovu. Swali la makala haya ni la kimaadili: je, tuna haki ya kuyafanya mazoea hayo kanuni kwa kila mtazamaji?

Tuchukue picha ya rangi za mafuta ya Mholanzi Jacob van Ruisdael, iliyochorwa baina ya 1670 na 1675 hivi na kuhifadhiwa katika jumba la Mauritshuis, The Hague. Mji wa Haarlem unaonekana kwa mbali kutoka juu ya matuta ya mchanga. Anga limechukua takriban thuluthi mbili ya picha. Mawingu mazito yametanda. Jua linapenya katikati yake na kuangaza viwanja vilivyoanikwa vitambaa vya kitani. Aliyezoea mawingu ya Uholanzi huenda akaiona nuru hiyo kuwa neema.

Sasa tuitazame picha hiyo tukiwa Lopur, Turkana Magharibi, ambako jua ni kali na mvua ni haba. Waturkana humhusisha Akuj, Mungu wao, na mbingu na mvua. Mfugaji wa huko ana sababu ya kuanzia kwenye mawingu: hayo ndiyo ahadi, wala si kizuizi. Je, atakuwa amekosea?

Wapo watakaodai kuwa amekosea, kwa kuwa hayajui mazingira ya mchoraji. Wengine watasema kila usomaji ni sahihi. Dai la kwanza linamnyima mtazamaji tajriba yake. La pili linainyima picha kauli yake. Nuru ya Ruisdael haikuangukia popote tu, bali imeangukia kazi. Vitambaa vile vilitiwa weupe kwa maji na jua, na wafanyakazi wamechorwa wadogo mno. Kwao jua lilikuwa riziki kabla ya kuwa pambo. Naye mfugaji anayetafuta mvua katika picha anauliza swali lilo hilo la riziki; kwa hiyo yu karibu nao kuliko mhakiki anayeisifu nuru peke yake.

Basi, kabla hatujaiita nuru nzuri, yatupasa tuulize inamwangukia nani, na inamfanyia nini. Mhakiki asiyeuliza hayo hakupungukiwa na maarifa tu. Amewadhulumu wanaoishi chini ya jua analolisifu.