Uvumilivu Hauamriwi
Sisi wa Pugu tumesimama kando ya kitanda cha dharura, ndugu yetu akipitishwa mpira puani hadi tumboni, nasi tukamwambia: "Vumilia, hata Yesu aliteswa." Ni kweli, pale Golgotha Bwana alikataa divai yenye manemane. Lakini alijiamulia mwenyewe. Wagonjwa hakuwaambia wavumilie, aliwaponya. Na Msamaria aliyemsifu alimimina mafuta na divai kwenye majeraha. Dawa ya ganzi puani, dakika chache za kuingoja ifanye kazi, mkono wa kushikwa: hayo ndiyo mafuta yetu. Mateso mtu humtolea Mungu mwenyewe, hatuwezi kumtolea. Basi kabla ya kusema "vumilia", tumwulize muuguzi kwa heshima: ganzi ipo?