Je, Mhadaaji Ahadaiwe?

Baadhi ya vijana wa darsa letu wametuuliza suali hili: mtu akiletewa barua pepe ya uwongo, yenye kumwahidi mamilioni ya marehemu asiyemjua kwa sharti atangulize ada kidogo, je, yafaa amjibu mwizi huyo kwa uwongo mfano wa wake, apate kumchosha na kumfanyia dhihaka?

Hila yenyewe si mpya. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya walipelekewa barua za tajiri aliyesemekana yu kifungoni Hispania, naye ataka fedha za kumkomboa. Leo hila hii yaitwa "419", nambari ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria chenye kukataza kujipatia mali kwa udanganyifu. Na wako watu, hasa Uingereza na Marekani, waliojifanya wawindaji wa wezi hawa. Hujitia ujinga, wakavuta maneno miezi na miezi, wakawaagiza wezi wapige picha za kujidhalilisha au wafunge safari zisizo na faida.

Wenye kulitetea jambo hili wasema: saa anayoipoteza mwizi kwetu ni saa asiyomwibia mjane. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Mwenye kumpoteza njia mnyang'anyi ili kuokoa mali ya mnyonge hana lawama kwetu.

Lakini na tutazame hadi mwisho wake. Mwaka 2008 redio moja ya Marekani ilisimulia habari ya wawindaji watatu waliomtoa mwizi mmoja Lagos, wakampeleka Abéché, mashariki ya Chad, karibu na vita vya Darfur, kwa tamaa ya fedha zisizokuwapo. Kumshughulisha mwizi ni jambo moja, na kumtupa penye hatari ya roho yake ni jingine. Kadhi gani amhukumu hivyo mtu aliyejaribu kuiba? Dini yetu imeruhusu kulipiza kwa kadiri ya ubaya uliotendwa, tena ikasema kuwa subira ni bora.

Zaidi ya hayo, hatumjui aliye upande wa pili. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikisia kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia, walishikwa kwa nguvu wakatumikishwa katika utapeli wa mitandao. Wamo Wakenya waliotoka kwao kwa ahadi ya kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar. Basi huenda huyo tunayemcheka ni mtumwa, na akikosa kutimiza alichoagizwa hupigwa. Bwana wake hadhuriki kwa kicheko chetu.

Mwisho, tujitazame nafsi zetu. Mwenye kusema uwongo kila usiku kwa furaha, ulimi wake hauulizi tena kama aliye mbele yake ni mwizi au ni nduguye. Mtume (S.A.W.) ametufunza tusimkhini hata aliyetukhini.

Rai yetu ni hii: barua hiyo isijibiwe; ihifadhiwe na kupelekwa polisi, kwani Kenya ina sheria ya makosa haya tangu 2018. Kisha kijana mwenye ujuzi na aende kwa nyanyake na kwa jirani yake mjane, akawaonyeshe mtego ulivyo. Saa moja ya kazi hiyo yamnyima mwizi zaidi kuliko mwezi mzima wa dhihaka.

Wallahu aalam.