Mapigo na Uhuru wa Mpiga Filimbi

Je, atiiye mapigo amepoteza uhuru wake? Swali hili humkabili kila aanzaye kujifunza filimbi. Pumzi ni yake, na vidole ni vyake. Mbona basi ahesabiwe moja hadi nne kama askari kwenye gwaride?

Mchunga ng'ombe wa Burundi apigaye umwironge peke yake malishoni aweza kuirefusha sauti apendavyo, wala hapana amdaiye. Lakini katika Buganda, wapigaji wa endere, filimbi ya matundu manne, wanapopiga pamoja na ngoma, achelewaye pigo moja huwavuruga wenziwe, na mchezaji hukosa pa kukanyaga.

Kwa hiyo yafaa mwanafunzi aanze na sauti moja tu. Aikate kwa ulimi huku mguu ukihesabu. Airefushe mapigo mawili, kisha manne. Halafu anyamaze pigo moja, na kimya hicho nacho akihesabu. Kidole kikikosa tundu, asirudi nyuma kusahihisha, maana ngoma haimngojei.

Wako wasemao kwamba mazoezi ya namna hii huua hisia. Sivyo. Asiyejua pigo laangukia wapi hawezi kulichelewesha kwa hiari. Yeye huchelewa tu.

Kutunza mapigo, basi, si utumwa bali ni amana: wakati wa watu wengi umewekwa mkononi mwa mmoja. Nasi waalimu tumweleze mwanafunzi jambo hili kabla ya kumpa wimbo wake wa kwanza.