Alimwuliza Kwanza

Somo: Marko 10:46–52



Katika soko letu la mahindi hapa Kibaigwa, mnunuzi mwungwana hachomi gunia kwa bambo mwenyewe hayupo. Huomba kwanza, na mwenye mali husimama akaona. Ikiwa mahindi yana heshima hiyo, je, uso wa mtu?

Mwezi Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa Korem, nchini Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zake za wenye njaa zilionyeshwa duniani kote, na misaada mingi ikaja. Hatusemi alifanya vibaya. Njaa iliyofichwa huua zaidi. Lakini wengi waliotazama waliijua mifupa ya watu wale, wasijue majina yao. Sisi wa Ugogo, ambao wazee wetu walipita katika njaa ya Mtunya, twafahamu kwamba mwenye njaa ana jina, ana ukoo, tena ana haya.

Tazameni basi Bwana wetu alipokuwa akitoka Yeriko. Kila mtu aliona kwamba yule mwombaji ni kipofu. Yesu naye aliona, lakini alimwuliza kwanza anataka nini, ili aseme shida yake kwa kinywa chake. Naye Marko alipoandika habari hiyo alitaja jina la mtu yule, na la baba yake pia. Mwandishi wa habari mwaminifu hana budi kufanya vivyo hivyo: aombe ruhusa, asikilize, asiongeze neno, na jina alitaje au alifiche kama mwenyewe apendavyo.

Wala neno hili si la waandishi peke yao. Siku hizi wengi wetu tuna simu za kupigia picha. Gari likipinduka katika barabara ya Dodoma–Morogoro, wapo wanaotanguliza simu kabla ya kunyosha mkono. Majeruhi aliyezimia hawezi kukataa. Na mama yake huenda akaupata msiba katika simu ya jirani. Je, angekuwa mwanetu?

Kwa hiyo, ndugu, tumwinue mwenzetu kwanza. Kisha, ikiwa habari zake zafaa kutangazwa, tumwulize. Asipoweza kujibu, tutangaze ajali, tusitangaze uso wake.

Bwana atufundishe kuwatazama watu kama Yeye alivyowatazama. Amina.