Dada Yetu Aende Shule?

Jumapili iliyopita baada ya ibada, chai ikiwa bado moto, dada mmoja wa kwetu aliniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi. Yeye ni muuguzi. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, ili aweze kuwatibu wazee kwenye kliniki za mitaa kama huu wetu wa Flemingdon Park. Mama yake, anayeishi naye, ameanza kusahau. "Nimwache mama yangu na watu," alisema, "nikajifunze kutunza mama za watu. Hiyo ni heshima gani?"

Baadhi ya wazee wetu wamekwisha kumjibu: abaki nyumbani. Neno lao lina uzito. Yesu mwenyewe, katika Marko 7, aliwakemea waliotumia sadaka kama njia ya kukwepa kuwasaidia wazazi wao, na shule nayo yaweza kuwa kisingizio kizuri sana.

Lakini mimi nina ushahidi mwingine, na si wa kujivunia. Mama yangu alipokuja Kanada hakuwa akilala. Nikamnunulia dawa ya usingizi, ile inayouzwa bila cheti cha daktari, yenye diphenhydramine. Nilimpa kwa mkono wangu kila usiku. Baada ya wiki kadhaa akawa anachanganya majina ya wajukuu, mdomo unamkauka, na usiku mmoja akaanguka akienda chooni. Nikasema ni uzee. Tukauombea huo uzee.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuambia tuje na dawa zote kwenye mfuko, hata za mitishamba. Akazimwaga mezani, akasoma chupa moja moja, ile ya usingizi akaiweka kando. Mwili wa mzee huiondoa polepole, nayo huvuruga kumbukumbu na kumfanya ayumbe. Imo kwenye orodha ya dawa za kuepukwa na wazee, orodha iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mmarekani, Mark Beers. Kisha akaniomba nitoke nje, azungumze na Mama kupitia mkalimani wa simu. Niliumia, nakiri. Huko ndani Mama alisema alikuwa ameanguka mara mbili kabla ya siku ile, akaficha asinilemee.

Nilimpenda Mama, na nilikuwa namdhuru.

Wauguzi wa namna hiyo, wanaoitwa hapa NP, wameruhusiwa Ontario tangu 1998 kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Masomo yao huchukua kama miaka miwili kwa anayesoma kutwa, pamoja na mamia ya saa kliniki. Kwa mama anayesahau, miaka miwili ni mingi. Huenda siku ya mahafali asimtambue binti yake. Sitamdanganya dada yetu kwamba gharama hiyo haipo. (Ana kaka wawili hapa hapa jijini. Sijasikia mzee yeyote akiwauliza wao habari za heshima.)

Mimi nasema aende. Wazee wa mtaa huu wanahitaji mtu atakayewasikiliza kwa lugha yao na ajue pia cha kuuliza. Ila tukimwambia aende, halafu tukarudi kila mtu nyumbani kwake, tutakuwa tumemtwika mzigo wetu.

Nilimuuliza, "Mama mwenyewe amesema nini?" Akanyamaza. Sote tulikuwa tumejadili habari za mama huyo, wazee nao wametoa hukumu, na hakuna aliyemuuliza, ingawa bado anaweza kujibu.

Alimuuliza Jumatano. Mama alitaka kujua jambo moja tu: kama binti yake atakuwa anarudi kabla ya giza. Jumanne na Alhamisi hatarudi. Jumanne nimeichukua mimi, kuanzia saa tisa alasiri. Alhamisi bado haina mtu.